Wakuu, adhabu kali zinapunguza kweli mateja (waraibu wa heroini) na wizi mtaani?

Mwana_Manzese: Habarini wakuu. Huku kwetu koki zinang'olewa, mita za maji zinabebwa, juzi kaibiwa mama ntilie masufuria yote, na kila mtu anajua ni mateja wanakimbizia kwa wauza chuma chakavu wapate hela ya kete, yaani kipimo kidogo cha heroini. Kwenye kikao cha mtaa wengi wanataka sheria iongezwe makali. Mi najiuliza, iongezwe mpaka wapi? Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 ilivyorekebishwa 2017, ukisafirisha heroini zaidi ya gramu 200 ni kifungo cha maisha, na unga (heroini) bado upo.

Kaka_wa_Tandika: Mkuu mi nina mdogo wangu teja. Arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, ikimkamata kamasi zinamtoka, anaharisha, mifupa inamuuma analia kama mtoto, sasa mtu wa hivyo umtishe na miaka 30? Yeye anawaza saa hii tu. Alifungwa, akatoka, wiki hiyohiyo karudi maskani, kijiweni kwao. Kilichomtuliza ni methadoni, dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya heroini, kila asubuhi anaenda kliniki anakunywa mbele ya nesi, bure kabisa, halafu anaenda gereji. Nyumbani hatufichi tena simu.

Mzee wa Bandari: Pole kwa familia, ila huruma ibaki kwa mgonjwa tu. Hao wanaoshusha mzigo na majahazi kifungo cha maisha ni sawa kabisa, wametumalizia watoto. Na huyo anayenunua mita ya maji kama chuma chakavu naye ni mwizi, mbona hakamatwi?

Binti Sheria: Hapo kwenye kukamatwa ndo penyewe mzee wangu. New York 1973 waliweka sheria ya miaka 15 mpaka maisha hata kwa mzigo mdogo, magereza yakajaa watumiaji na mapusha (wauzaji wadogo) wa kichochoroni, miaka ya 80 crack, kokeini ya kuvuta, ikaja ikatapakaa vilevile, 2009 wakazilegeza. Mtu anaogopa akijua atakamatwa leo, hiyo miaka hata haihesabu. Sisi tunasomba mateja vijiweni, anayewaletea kete tunampita.

Mwana_Manzese: Nimekupata dada. @Kaka_wa_Tandika, hiyo methadoni mtu anaanzaje? Kuna kijana hapa jirani mama yake keshachoka.

Kaka_wa_Tandika: Hospitali ya Muhimbili hapa Dar walianza 2011, siku hizi kliniki zipo Mwananyamala na Temeke pia. Kuna asasi zinapita maskani kuwaandikisha, ila msimwachie aende mwenyewe, mama au ndugu amsindikize. Aende asubuhi kabla hajabwia. Nicheki inbox nikuelekeze.