Ulinganisho: nyumba ya mnada, mnada wa mtandaoni au duka la makumbusho kwa kumbukumbu za upinde tulizopewa?

MlinziWaPodo
Wakuu, habari za kazi. Nasaidia makumbusho madogo ya mchezo wa upinde na mishale. Tumepewa vitu vingi vya zamani: pinde, mishale, podo za ngozi, beji, medali, katalogi za watengenezaji na picha. Imekubaliwa vingi viuzwe, fedha zisaidie makumbusho. Njia zilizo mezani ni tatu. Ya kwanza ni nyumba ya mnada, inayobeba kila kitu na kukata kamisheni. Ya pili ni mnada wa mtandaoni kama eBay, picha tupige wenyewe na kufunga tufunge wenyewe. Ya tatu ni kupanga bei na kuuza taratibu dukani kwetu na kwa vyama vya wakusanyaji. Bodi inakutana karibuni na natakiwa nipeleke pendekezo. Ipi inalipa zaidi?

MamaRejista
Ndugu yangu, umeruka swali la kwanza. Vitu hivyo vilishaandikwa kwenye rejista ya mkusanyo au bado? Aliyevitoa alisema nini, na alisema kwa maandishi? Na fedha zinakwenda wapi hasa? Maadili ya ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, yanasema fedha za kitu kilichoondolewa katika mkusanyo zitumike kwa manufaa ya mkusanyo wenyewe, na kwa kawaida kununulia vitu vingine vya mkusanyo huo. Kitu kilichotolewa tangu mwanzo ili kiuzwe ni habari nyingine kabisa, mradi karatasi ipo. Bila majibu hayo hakuna anayeweza kukushauri.

FundiMbao
Naongezea: pinde za aina gani? Mbao tupu au zenye tabaka za fibaglasi? Zimeandikwa nini mikononi, yaani kwenye zile sehemu mbili zinazopinda? "Pinde" peke yake haitoshi.

DukaKwanza
Mtandaoni mkuu, usizungushwe. Mkusanyaji wa katalogi za zamani anaweza kuwa bara lolote, na hatakuja mlangoni kwenu. Karatasi ni nyepesi, haivunjiki njiani. Anza na katalogi na beji, uziuze mojamoja, kila moja na picha za pande zote mbili.

MlinziWaPodo
Asanteni. Waliotoa ni familia za wachezaji wa zamani. Wengine wameandika barua kwamba tuuze, wengine waliacha vitu mapokezi wakaondoka. Vichache vimeshaingia kwenye rejista. Fedha ni za paa linalovuja na kabati za vioo. Pinde ni za Bear Archery kadhaa, kampuni ya Marekani ya kutengeneza pinde, mmoja wa mwaka 1953 wenye sahihi ya mwanzilishi, Fred Bear mwenyewe, na mmoja mrefu wa mti wa yew wenye ncha za pembe na kibati kidogo cheupe pale mshale unapopitia. Pia zipo beji za Olimpiki ya Munich 1972.

FundiMbao
Simama hapo hapo kabla hujaandika tangazo. Hiyo 1953 karibu hakika si mwaka wa kutengenezwa. Pinde nyingi za Bear zina maandishi ya hataza (haki ya mvumbuzi), na 1953 ni mwaka wa hataza ya Kanada. Iliendelea kuchapishwa kwa miaka mingi baadaye. Sahihi nayo ni ya kuchapishwa kiwandani, iko kwenye maelfu ya pinde. Ukiandika "sahihi ya mkono wa Fred Bear", mnunuzi anayejua atarudisha upinde na jina la makumbusho litachafuka.

Tazama ile sarafu yenye dubu kwenye kishikio. Ikiwa imezama sawasawa na mbao, upinde kwa kawaida ni wa mwanzo wa miaka ya 1970 au kabla. Ikiwa imeinuka, ni wa baadaye. Andika na namba zote za mkononi. Uzito wa kuvuta ulioandikwa, mfano 45# (yaani pauni 45), hupimwa upinde ukivutwa inchi 28.

Kuhusu kibati cheupe, usikiuze mpaka mjue ni nini. Kombe la lulu hubadilika rangi ukiligeuza kwenye mwanga. Mfupa una vidoti vidogo vyeusi ukiutazama kwa lenzi. Ikiwa ni pembe ya ndovu, CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, inakuhusu, Uingereza ina sheria yake ya 2018, na eBay yenyewe ilipiga marufuku pembe za ndovu tangu 2009. Mishale ya zamani nayo ikaguliwe manyoya, kwa sababu Marekani inakataza kuuza manyoya ya tai hata yakiwa ya kale.

KamatiYaZamani
Wengine wamekaa kimya juu ya nyumba ya mnada, acheni niseme. Nilikuwa kwenye kamati ya chama kilichopeleka vitu vyake huko. Jina silitaji. Walikuja na gari, wakaandika orodha ya juu juu, "pinde mchanganyiko", "mishale mchanganyiko", wakaondoka. Katalogi yao ilipotoka, mishale ya mbao ya mzee mmoja, yenye pete za rangi alizozipaka mwenyewe kwa brashi karibu na manyoya, nyekundu, nyeusi, na mstari mwembamba wa dhahabu, ilikuwa imefungwa kwa mpira pamoja na mishale ya alumini ya kufundishia watoto. Fungu moja, bei moja.

Kilichoniuma zaidi ni picha ya ukurasa wa mbele. Recurve (upinde wenye ncha zilizopinda mbele) nzuri ya tabaka ilikuwa imevalishwa upote, yaani kamba yake, kinyumenyume. Upinde wa aina ile ukiwa mtupu, mikono yake inapinda kuelekea mbele, mbali na mpigaji. Asiyejua huona umbo la mwezi mchanga, akadhani upote unafungwa kufuata mpindo ule. Wakaulazimisha. Gundi ya tabaka ikaachia, ufa ukapita mkono mzima. Picha tulizowapa wakati wa kukabidhi zinaonyesha upinde mzima. Walijibu kwamba mkataba hauwabebeshi dhamana ya vitu vya zamani.

Kisha yakaja makato: kamisheni, ada ya picha, bima, ghala, na ada ya kila fungu lisilonunuliwa. Na mtoto wa yule mzee aliiona mishale ya baba yake kwenye katalogi ile. Alitupigia simu akilia. Tangu siku hiyo familia ile haijaleta kitu tena.

DukaKwanza
Pole sana. Ila hiyo ni nyumba moja. Zipo zenye wataalamu wa vifaa vya michezo, na upinde wa yew wa mtengenezaji anayejulikana utafika bei huko kuliko mtandaoni. Muulize kwanza anayeandika maelezo kama anajua upinde unavyovalishwa upote. Pia mkubaliane bei ya chini kabisa kwa maandishi.

MamaRejista
Narudi kwenye karatasi, mtanisamehe. Vitu vilivyoachwa mapokezi bila barua si vyenu vya kuuza bado. Watafuteni wenye vitu hivyo. Vilivyo kwenye rejista visichanganywe na vingine hata kwenye sanduku. Na paa si mkusanyo. Fedha za vitu vya rejista zisiguse paa. Za vile vilivyotolewa kwa barua ili viuzwe, barua ndiyo itakayosema.

MlinziWaPodo
Mama, paa likivuja mkusanyo unaoza. Si manufaa ya mkusanyo hayo?

MamaRejista
Hoja hiyo nimeisikia, na wengine wanaikubali. Mimi siikubali, kwa sababu ukishaanza paa, kesho ni mishahara. Kumbukeni makumbusho ya Fred Bear. Yalianza Grayling, Michigan, yakahamia Gainesville, Florida, na mwisho mkusanyo ukanunuliwa na Bass Pro, kampuni ya Marekani ya maduka ya vifaa vya uwindaji na uvuvi. Bahati nzuri haukutawanyika. Wenu ukitawanyika hakuna atakayeukusanya tena. Pinde za Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza, zaidi ya 130, na mishale zaidi ya 3,500, zinatufundisha mengi kwa sababu zilipatikana pamoja, ndani ya meli iliyozama 1545.

KamatiYaZamani
Hapo nipo na Mama. Medali zenye majina ya watu msiuze kabisa. Rudisheni kwa familia au zibaki kabatini.

DukaKwanza
Medali ambazo familia zenyewe zimeomba ziuzwe je? Tuheshimu waliotoa. Na hizo beji za Munich ni za kuuzia hadithi. Upinde ulikuwa haujaonekana Olimpiki tangu 1920, ukarudi 1972. Liandike hilo kwenye tangazo. Watu hununua wakijua wanachonunua.

PindeZaBabu
Nimechelewa. Msithubutu kupiga pinde varnishi mpya ili zing'ae! Mkusanyaji anataka uso ule ule wa zamani. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

FundiMbao
Kikavu, ndiyo, lakini fibaglasi yenye uchafu wa mkono inavumilia kitambaa chenye unyevu kidogo. Tusiwatishe watu.

PindeZaBabu
Unyevu kwenye maandishi ya kuchapishwa? Nimeona herufi zikitoka na kitambaa.

FundiMbao
Nilisema fibaglasi, sikusema juu ya maandishi.

MlinziWaPodo
Nimeanza kutenganisha masanduku: yenye barua, yasiyo na barua, na ya rejista. Katalogi na beji zenye barua naelekea kuzipendekeza mtandaoni. Za pinde bado sijui. Swali: mnunuzi akiuliza kama Bear ile bado inapigika, nijibu nini?

FundiMbao
Usijibu ndiyo. Andika inauzwa kama kumbukumbu, si ya kupigia. Ila ikague kwa maelezo sahihi: simamisha upinde bila upote, utazame kuanzia ncha hadi ncha kama unavyokagua ubao, uone kama mkono umejikunja upande. Pitisha na pamba ukingoni. Ikinasa, kuna ufa. Piga picha ya pembeni ya mikono yote miwili uiweke hapa, tuitazame.

PindeZaBabu
Na ya sarafu, kwa karibu.