Tupeane uzoefu: wacheza ngoma, wanenguaji na madansa, mnaishije kwa kazi hii?

Mwanzisha mada
Ndugu wanajamvi, wanamuziki wetu wamezungumziwa sana, lakini wanaocheza pembeni yao huonekana kama mapambo ya jukwaa, kana kwamba hawana kodi ya nyumba ya kulipa. Nilisoma Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), na wengi wa tuliohitimu pamoja wameacha kucheza ingawa uwezo walikuwa nao. Walitegemea chanzo kimoja cha kipato, nacho kilipokauka hawakuwa na pa kushika. Naomba tuelezane fedha inatoka wapi, mwili unatunzwaje na makubaliano yanaandikwaje.

Mimi nimo katika kikundi cha ngoma kinachotumbuiza hotelini Unguja. Kazi hujaa Julai na Agosti, kisha mwisho wa mwaka, lakini masika yakiingia baadhi ya hoteli hufunga milango. Kwa hiyo malipo ya Agosti nayahesabu kuwa ni ya Agosti na ya Mei pia, na miezi hiyo mitupu huitumia kufundisha ngoma katika shule binafsi za Dar es Salaam.

Mnenguaji mstaafu
Mwanangu, umeuliza jambo la maana. Nilinengua enzi ambazo bendi ya dansi ilipiga karibu kila usiku kuanzia Jumatano hadi Jumapili, na mazoezi tuliyafanya mchana juu ya sakafu ya saruji, ambayo haina huruma na magoti. Posho ilikuwa ndogo, hivyo tulitegemea kutuzwa, na anayetegemea kutuzwa hupanda jukwaani hata akiwa ameteguka kifundo cha mguu. Hilo ndilo lililowamaliza wenzangu, zaidi ya umri wanaousingizia. Mimi nilidumu kwa sababu ya mazoea waliyoyacheka: kupasha misuli moto kabla ya onyesho, kunyoosha viungo baada yake, na kukataa kazi goti linapovimba, hata kama mwenye bendi alinuna. Vijana wa ngoma za asili nao wasijione wako salama, kwani sindimba huutumikisha sana mgongo wa chini na nyonga, na bugobogobo, ukiacha ustadi wa kurusha majembe, huyatwisha magoti mzigo kila mchezaji anapotua. Siku hizi nawashonea vikundi mavazi ya jukwaani, kazi niliyojifunza nikiwa bado nanengua, na wateja wangu wa kwanza walikuwa wanenguaji wenzangu.

Dada wa Kinondoni
Shikamoo mama. Kipato changu kikubwa hutokana na kuwafundisha maharusi na wapambe wao namna ya kuingia ukumbini, kazi ambayo madansa wenzangu wanaidharau huku wakiniomba nauli. Ina kalenda yake: Kwaresima na Ramadhani huipunguza, kisha baada ya Pasaka na Idi simu haipumziki. Nadai nusu ya malipo kabla ya zoezi la kwanza, kwa sababu kamati ya harusi ikishavunjwa hakuna wa kumdai.

Dansa wa video
Katika video za Bongo Fleva tunalipwa kwa siku, na siku hiyo inaweza kuanza alfajiri ikaisha alfajiri nyingine. Sasa hutanguliza karatasi inayotaja saa za kazi, chakula, usafiri wa usiku, na mahali picha zitakapotumika, maana video niliyochezea iligeuzwa baadaye kuwa tangazo la biashara bila nyongeza yoyote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inautambua uchezaji uliobuniwa na kupangwa kuwa kazi ya sanaa, lakini mbunifu asiye na ushahidi atadai nini? Ndiyo maana hurekodi kila ninachokibuni, pamoja na tarehe.

Mpenzi wa ngoma, Nairobi
Huku kwetu Bomas of Kenya, kituo cha utamaduni, ilianzishwa mwaka 1971 na ina kikundi chake cha wachezaji, jambo linalompa kijana mahali pa kuomba ajira badala ya kuzunguka hotelini.

Mwanzisha mada
Nasi tuliwahi kuwa na Kikundi cha Taifa cha Ngoma; baada ya kuvunjwa kwake, mwaka 1981, kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ndicho TaSUBa, kwa hiyo tukapata pa kusomea tukakosa pa kuajiriwa. Ndugu wa Nairobi, mchezaji wa huko akiumia jukwaani, gharama za matibabu hulipwa na nani?