Kwa nini mwanafunzi wa urubani wa kivita huangushwa makusudi angani?

Mkazi wa Ukonga:
Ndugu wanajukwaa, mpwa wangu, ambaye tangu utotoni huacha sahani mezani ili akatazame ndege zikishuka kuelekea uwanja wa Julius Nyerere, ameniambia kwamba katika shule za marubani wa kijeshi mkufunzi huzima injini, huiacha ndege ianguke ikizunguka, kisha humwambia mwanafunzi aiokoe. Mama yake hataki tena kusikia habari hizo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kuna sababu gani ya kumtia hatarini mtu ambaye hajaiva?

Fundi wa Kipawa:
Ni kweli, ila imetiwa chumvi. Injini haizimwi, bali hupunguzwa nguvu. Pua huinuliwa mpaka mabawa yashindwe kuibeba ndege, na pedali moja hukanyagwa hadi mwisho, hapo ndege ikaanza kushuka ikizunguka kama pia. Zoezi hufanyika juu sana, ili nafasi ya kujiokoa iwepo. Kwa ndege nyingi za mafunzo, mwanafunzi hukanyaga pedali iliyo kinyume na mzunguko, husukuma usukani mbele, na mzunguko ukikoma huinua pua taratibu. Hata hivyo, kila aina ya ndege ina kitabu chake, nacho ndicho hufuatwa.

Utaratibu huu una historia. Mwaka 1917, Robert Smith-Barry, rubani wa kijeshi wa Uingereza aliyekuwa ameongoza kikosi cha ndege nchini Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia na kuchoshwa na vijana walioletwa vitani bila kuiva, alianzisha mafunzo mapya huko Gosport, Uingereza, kwa ndege za Avro 504 zenye viti viwili. Badala ya kumkataza mwanafunzi asiikaribie hatari, alimpeleka humo akiwa na mwalimu, aliyezungumza naye kupitia bomba la mpira lililofika masikioni. Kwa maoni yangu, bomba lile lilikuwa na thamani kuliko injini yenyewe.

Msomaji wa Temeke:
Kinachowashinda wengi ni uzito. Kwenye kona kali inayozidisha uzito mara 9, mtu wa kilo 70 hujihisi ana kilo 630, damu hushuka kutoka kichwani na macho huingia giza. Ndiyo maana hufundishwa kukaza misuli ya miguu na tumbo, na kuvuta pumzi fupi fupi.

Mkazi wa Ukonga:
Nashukuru sana. Lakini kijana huyu hutapika hata kwenye boti ya Zanzibar. Je, si mlango umeshafungwa?

Fundi wa Kipawa:
Haujafungwa. Baadhi ya majeshi ya anga huwa na kiti cha kuzungushwa, ambacho mwanafunzi hukalia mara kwa mara mpaka mwili uzoee.