Mimea ya kwenye ndoo inaungua ncha za majani, nimepanga, naombeni msaada

Mpangaji_Tegeta: Habarini wadau. Nimepanga huku Tegeta, uani kote sementi hakuna pa kuchimba, kwa hiyo nimepanda kwenye ndoo za rangi za lita 20, nina mrehani, asumini, waridi na mlimao mdogo. Tangu jua la Januari lianze majani yanaungua kuanzia nchani, yanakuwa kahawia halafu yanapukutika, na mimi namwagilia asubuhi na jioni, nikiongeza maji ndo kwanza inazidi. Juu ya udongo kuna utando mweupe. Halafu mama mwenye nyumba keshaanza kulalamika maji yanamchafulia sakafu. Kuitupa siwezi jamani, naipenda sana.

bint_mwambao: Pole dada. Maji ya bomba au ya kisima?

Mpangaji_Tegeta: Kisima. Bomba mpaka mgao. Hayo ya kisima hata sabuni haitoi povu.

bint_mwambao: Basi ni chumvi hiyo. Maji yanakauka na jua, chumvi inabaki kwenye udongo, na ukimwagilia kidogo kidogo ndo unairundika, mwisho mzizi unashindwa kunyonya maji hata udongo ukiwa umelowa. Waridi na mlimao ndo hazivumilii kabisa. Kwangua huo utando pamoja na udongo wa juu kama vidole viwili utupe mbali, siku ya mgao mimina maji ya bomba polepole mpaka yatoke kwa chini, acha yachuje, rudia tena na tena. Masika ikianza Machi zitoe zote zinyeshewe na ukinge maji ya mvua, hayo ndo dawa. Ukitaka ua la kuvumilia kisima tafuta bogenvilia.

babu_kitalu: Nyongeza. Ndoo zisikae juu ya sementi, saa nane ile sakafu inachemsha mizizi, weka tofali mbili chini na uzungushie gunia upande wa jua. Kwa ajili ya mama mwenye nyumba weka sahani au beseni chini lakini baada ya kumwagilia mwaga yale maji, maana ukimwaga ile chumvi hairudi juu, na mbu wa dengue anazaliana kwenye maji kama hayo hayo, Dar tuliugua sana 2014 na 2019. Yasikae wiki. Ndoo zina matundu mangapi?

Mpangaji_Tegeta: Asanteni sana jamani. Babu nimeinua ya mlimao sasa hivi, tundu ni moja tu katikati na mzizi umeliziba.

babu_kitalu: Hapo chumvi ingetokea wapi mwanangu! Pasha msumari, toboa matano au sita ubavuni, karibu kabisa na kitako, ndo umimine maji ya bomba. Fanya jioni jua likishapoa, na mbolea usiweke kwanza mpaka uone majani mapya.