Potensho ya Yamaguchi: fezi inapotoka kadiri k inavyopanda

Raskazone
Wakuu, salaam. Natatua mlinganyo wa Lippmann-Schwinger (unaoeleza chembe mbili zinavyotawanyana) wa nyutroni na protoni, wimbi la S, yaani bila momenta ya mzunguko. Potensho ni ya Yamaguchi, g(q) = 1/(q² + β²), β = 1.4 fm⁻¹, nguvu yake imepangwa ili deuteroni (nyutroni na protoni zilizoungana) ipate γ = 0.2316 fm⁻¹, namba inayotokana na nishati ya kuziunganisha. Nimeweka nukta 48 za Gauss-Legendre (za kukokotoa integrali) kati ya 0 na 8 fm⁻¹, na mlipuko wa q = k, pale momenta q ya integrali inapolingana na momenta k ya mtawanyiko na kigawanyo kuwa sifuri, nimeuondoa kwa njia ya kutoa. Urefu wa mtawanyiko unatoka 5.46 fm badala ya 5.4165, ninavumilia. Ila kwenye k = 1 fm⁻¹ napata fezi (pembe ambayo mtawanyiko unalisogeza wimbi) ya karibu 53°, wakati fomula kamili inatoa 50.2°. Nukta 96, jibu lile lile. |S|, ukubwa wa kizidishi cha wimbi baada ya kutawanyika, ni 1 hadi tarakimu ya 12. Kosa liko wapi?

Ngamiani7
Nukta zimeongezeka maradufu na jibu halikutikisika, basi usizisingizie nukta. Ulipotoa, ulidhani integrali ya 1/(k² − q²) ni sifuri. Ni sifuri pale tu q inapokwenda bila kikomo. Ukikata kwenye Q, inabaki

(1/2k) ln[(Q + k)/(Q − k)]

Kwa k = 1 na Q = 8 hiyo ni 0.126, yaani 8% ya π/2 inayobebwa na sehemu ya kidhahania. Si ya kupuuza. Irudishe kwenye safu ya mwisho ya matriksi, ile ya nukta k yenyewe. Kwa k ndogo inazidishwa na k² na kuyeyuka, ndiyo maana huko chini hukuiona. Zile 5.46 ni kosa lingine: mkia uliokatwa juu ya 8.

Na |S| = 1 isikupumbaze. K (matriksi unayoitatua, ambayo S hutokana nayo) ikiwa halisi, S itakuwa na ukubwa wa 1 hata kama K yenyewe ni takataka.

Pangani_Rd
Mimi nisingekata kabisa. Tumia q = C tan[π(1 + x)/4], x ikiwa nukta ya Gauss kati ya −1 na 1 na C kipimo unachochagua, na uzani uzidishwe kwa (πC/4)/cos²[π(1 + x)/4]. Logi haipo tena, mkia umerudi. Matriksi ni ya 49 kwa 49, kompyuta yoyote inaimaliza kabla hujapepesa jicho.

Tahadhari: N (idadi ya nukta) ikiwa witiri, x = 0 ni nukta mojawapo, na hapo q = C kamili. Ukiweka C = 1 na k = 1 unagawanya kwa sifuri. Chukua N shufwa.

Raskazone
Ahsanteni. Logi imerudi, sasa 50.1°, kwa tan, 50.2°. Nikienda nyutroni na deuteroni, njia hii itanibeba?

Ngamiani7
Chini ya MeV 3.34 za nyutroni maabara, ndiyo. E (nishati nzima ya mfumo; m ni masi ya nyukleoni) ni hasi, kwa hiyo q² + q′² + qq′ − mE haifiki sifuri. Unabaki na ncha ya deuteroni tu (pale kigawanyo chake kinapofika sifuri), nayo unaitoa vilevile. Ukivuka hapo deuteroni inavunjika, na kunazuka milipuko ya logi inayohama kila q inapobadilika. Kutoa hakutoshi, zungusha njia ya integrali kwenye bapa changamano.