Dume gani kwa Dobermann wangu: wa mbegu ya kazi, bingwa wa maonyesho, au mzee wa gereji?

Mlinzi_Najjera
Habari zenu wakuu. Nina Dobermann jike mweusi, miezi 26, anaitwa Zuri. Nilimchukua Mukono akiwa na wiki tisa. Mchana yuko uani na watoto, saa nne usiku namfungulia kiwanja chote. Joto lake la tatu nalitegemea kama mwezi wa saba, na nataka kumpandisha mara moja tu. Si biashara. Watoto wake wawili watakaozaliwa tayari wana wenyewe, mmoja wa kaka yangu Mbarara na mwingine wa baba mkwe.

Nimezunguka wikendi tatu na madume niliyowaona ni hawa.

Wa kwanza yuko Kololo. Aliletwa kutoka Ulaya, ukoo wa kazi mtupu, ana miaka mitatu. Ule mkono wa mazoezi, wa kitambaa kinene anaovaa mkufunzi ili aumwe, anaung'ang'ania kama mamba. Karatasi zake zinafika vizazi vinne. Ila nusu saa niliyokaa pale hakulala hata dakika moja, alizunguka banda mpaka ameacha njia kwenye nyasi.

Wa pili yuko Entebbe. Bingwa wa maonyesho, miaka minne, kilo 48, kifua kama ngoma. Mtulivu sana. Mwenyewe alinionyesha makombe kabla ya kunionyesha mbwa.

Wa tatu yuko kwa makanika mmoja Bweyogerere. Hana karatasi hata moja. Ana miaka 9, pua imeanza mvi, analala chini ya magari mabovu. Makanika hataki pesa, anataka mtoto mmoja.

Ninyi mngemchukua yupi?

Kijana_Ntinda
Wa pili bila kufikiri! Kilo 48 jamani, huyo ni simba. Na mkibahatika kupata mtoto wa rangi ya bluu, unamuuza kwa bei ya boda mpya.

Daktari_Mbarara
Kijana, kilo 48 si sifa. Kwa kiwango cha FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, ambacho kwa Dobermann ni namba 143, dume ana sentimita 68 hadi 72 begani na kilo 40 hadi 45. Jike ni sentimita 63 hadi 68, kilo 32 hadi 35. Anayezidi hapo ama ni mnene ama kakuzwa makusudi kwa ajili ya wateja wanaonunua kwa kupima kwa macho. Mbwa huyu aliumbwa aruke ukuta na atue vizuri. Ukimwongezea mwili unamwongezea mzigo wa shingo na mgongo, na shingo ya Dobermann tayari ina matatizo yake. Wapo wanaoanza kuyumba nyuma kama mlevi kwa sababu uti wa mgongo umebanwa shingoni.

Na bluu: FCI inakubali mweusi na kahawia tu, wote wakiwa na alama nyekundu ya kutu. Marekani wanaikubali bluu, lakini wengi wa rangi hiyo hunyonyoka manyoya mgongoni wakikua na ngozi hujaa vipele. Utauza kwa bei ya boda, halafu mnunuzi atakuja kwangu kutafuta mafuta ya ngozi.

Kijana_Ntinda
Sawa Daktari, nimenyamaza.

Afande_Mstaafu
Nimeshika mbwa wa kazi miaka mingi kabla ya kustaafu, nisemee tabia, mambo ya damu nimwachie Daktari.

Aliyeanzisha mbwa hawa, Louis Dobermann wa mji wa Apolda kule Ujerumani, alikuwa mtoza kodi. Sote tunajua mtoza kodi anavyopendwa. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji mbwa wa picha, alihitaji anayetembea naye katikati ya watu wenye hasira bila kumrukia kila mtu, na siku mmoja wao akitoa rungu, asikimbie. Akafa 1894, klabu ikaundwa mjini humo 1899, na hadi leo Wajerumani hawazalishi mbwa bila kumpima kwanza. Wanampitisha kwenye kundi la watu, wanapiga risasi hewani, wanamtokezea mtu wa vitisho.

Sasa yule wa Kololo. Mlinzi, kung'ang'ania mkono wa mazoezi ni mchezo aliofundishwa, hata mbwa mwoga anaweza kuucheza vizuri uwanjani kwake. Na hiyo njia kwenye nyasi imenikera kuliko yote uliyoandika. Mbwa mwenye nguvu za kazi hutulia asipokuwa na kazi. Anayezunguka hivyo ama kafungiwa mno ama kichwa chake hakina breki, na kwa kumtazama bandani huwezi kujua ni lipi. Mwombe mwenyewe amtoe.

Mimi nilikuwa nafanya hivi. Nampeleka mbwa mahali asipopajua, tuseme nyuma ya soko saa ya watu wengi. Mkanda umelegea. Mwenzangu amesimama mita kumi na kipande cha bati, anakiangusha kwenye saruji. Kila mbwa atashtuka, kushtuka si kosa. Hesabu kinachofuata. Mmoja anavuta kurudi kwenye gari, mkia umeingia tumboni, na hata dakika tano baadaye hakubali kipande cha nyama. Mwingine anabweka kama kichaa huku miguu inarudi nyuma, huyo watu humwita mkali na kumlipia pesa nyingi. Wa tatu anaruka pembeni, anasimama, masikio mbele, halafu anakwenda mwenyewe kulinusa lile bati. Ukipata huyo wa kunusa, rudi siku nyingine uone kama atarudia.

Mama_Gulu
Afande asante, ila mwenzenu nilikuwa na huyo wa kunusa bati.

Aliitwa Okello. Nilimnunua kwa mfugaji wa Kampala, simtaji. Baba yake alikuwa na medali, mama yake ana medali. Mvua, radi, fataki za mwaka mpya, hakujali. Kabla hajafika miaka mitano alikimbiza mbuzi wa jirani, mchezo tu kama kila asubuhi, akafika kwenye mwembe, akalala. Nikadhani amechoka. Nilipofika ulimi ulikuwa umebadilika rangi. Hakuwahi kuugua, jana yake alimaliza sufuria ya posho (ugali) na mukene (dagaa). Mchungaji wa mbuzi alidhani mimi nitamlaumu yeye, akakimbia akaacha mbuzi.

Nilimpigia mfugaji. Akasema nyoka. Miezi sita baadaye nikakutana na mtu aliyenunua ndugu yake wa uzao uleule, wake naye alianguka bafuni akioshwa. Nyoka gani huyo wa bafuni?

Daktari_Mbarara
Pole sana mama. Huo ni moyo, na ndio ugonjwa wa kwanza wa kuuliza kwa Dobermann. Msuli unalegea na kutanuka, mapigo yanapotea mpangilio. Utafiti wa Munich uliotoka 2010 ulipima Dobermann 412 wa Ulaya, na hesabu yao ilifika asilimia 58 ya mbwa kuugua katika maisha yao. Zaidi ya nusu. Wengine hukohoa na kukonda kwanza, wengine dalili ya kwanza ndiyo ya mwisho, kama Okello.

Ubaya ni kwamba mara nyingi hujitokeza baada ya mbwa kuzalishwa. Bingwa wa miaka minne anaweza kuwa ameshapanda majike ishirini, na moyo wake haujasema lolote bado. Kwa hiyo "alipimwa akiwa na miaka miwili, yuko salama" ni maneno ya muuzaji. Kipimo kinaanza miaka mitatu na kinarudiwa kila mwaka: picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, pamoja na holta, kile kifaa kinachorekodi mapigo saa 24. Ni kilekile cha watu, mbwa anavalishwa fulana juu yake asikitafune. Mapigo ya ziada yakizidi 300 kwa siku, mbwa huyo ni mgonjwa hata kama anaruka ukuta. Chini ya 50 tunashukuru, mwakani tunapima tena. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ya dakika tano mezani inaweza kuukosa kabisa.

Vipimo vya jeni vya moyo vilivyotoka Marekani vipo, lakini kwa mbwa wa damu ya Ulaya havijatabiri vizuri. Usivilipie ukadhani umemaliza. Cha kulipia ni kile cha von Willebrand, ugonjwa wa damu kutoganda. Unasugua shavu kwa pamba, unatuma maabara ya nje. Mbwa safi akipandwa na mbebaji, yaani mwenye jeni mbovu moja lakini haugui, kwa wastani nusu ya watoto watabeba lakini hakuna atakayeugua. Mbebaji kwa mbebaji usithubutu.

Kwa hiyo, Mlinzi, kwa moyo peke yake namba tatu amewashinda wote. Miaka 9 na bado anapanda jike? Hiyo ni holta ya bure. Si kamili, wapo wanaougua wakiwa na miaka 10, ila nampa uzito kuliko kombe.

Mfugaji_Jinja
Daktari nakuheshimu lakini hapa nakataa. Mzee wa gereji hana karatasi, kwa hiyo hakuna anayejua baba yake ni nani. Anaweza kuwa babu wa Zuri! Dobermann wa hapa Uganda wametoka kwenye madume wachache waliopokezanwa Kampala, Jinja na Nairobi. Ukichanganya ndugu bila kujua, kila kasoro iliyojificha inakutana na mwenzake. Karatasi si ubora, lakini ni ramani.

Afande_Mstaafu
Ramani ya wapi, Jinja? Imeandika majina na makombe, haijaandika nani alikufa na miaka mingapi.

Mfugaji_Jinja
Ndiyo maana unapiga simu, Afande. Jina likiwepo unampata mwenyewe, unamuuliza. Kwa mzee wa gereji utampigia nani?

Mama_Gulu
Mimi nilikuwa na karatasi na namba ya simu, nikaambiwa nyoka.

Mlinzi_Najjera
Jamani, nimefanya kama Jinja alivyosema, nikapiga simu tatu.

Kololo: baba wa yule dume ana miaka 8, yu hai, anapimwa holta kila mwaka na majibu nimetumiwa. Mama yake alikufa kwa tumbo kujisokota. Entebbe: mwenyewe alisema hayo maswali ni ya watu wasiojua mbwa, akakata. Mukono, alikozaliwa Zuri: mama wa Zuri yuko, miaka 7, mzima. Baba wa Zuri? Kimya kidogo, halafu, "Huyo alianguka getini tu, ssebo (bwana). Alikuwa na miaka sita."

Nimekaa nimemtazama Zuri muda mrefu.

Daktari_Mbarara
Basi mwezi wa saba sahau. Bado hajafika miaka mitatu na baba yake ameondoka hivyo. Mngoje afike, mvalishe holta pamoja na picha ya moyo, na hata akiwa safi mpime tena kabla hujampandisha. Majibu yakiwa mabaya kuna dawa, pimobendani, inachelewesha moyo kushindwa, haiponyi. Na kaka yako wa Mbarara mwambie asubiri. Mbwa wa kulinda hakosekani.

Wakati huo wapime wote wawili, Kololo na mzee, von Willebrand. Na banda liwe tayari kabla Zuri hajapata mimba: parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu, inawapiga Dobermann na Rottweiler kuliko mbwa wengi, na hapa kwetu imejaa kila mtaa.

Mfugaji_Jinja
Hapo tunakubaliana. Na akina Zuri, ndugu zake wa uzao mmoja, watafute uone wako wangapi.

Mlinzi_Najjera
Walikuwa saba. Nimeshawapata wanne, wako hai. Makanika ameniambia mzee alitolewa Nairobi na Mhindi mmoja aliyehama, na mke wake makanika anadhani ana picha ya mama yake kwenye simu ya zamani. Kololo amekubali kumtoa mbwa Jumamosi asubuhi, tutakutana Nakawa nyuma ya soko.

Afande, bati liwe la ukubwa gani?

Afande_Mstaafu
Futi tatu linatosha. Na usilishike wewe, mpe mtu asiyejua unapima nini.