SuperTux, Cave Story au Spelunky ya kwanza: gemu gani la bure la kuruka-ruka?

Kaseti ya Njano
Wakuu, salaam. Nina laptopu ya zamani, RAM GB 2, na bando la kubahatisha. Natafuta gemu la bure la kuruka-ruka lenye picha za vidoti, ile raha ya Mario ya kaseti tuliyokuwa tukigombania pedi nyumba nzima. Usiku nitacheza mwenyewe, mchana atacheza mpwa wangu wa miaka 8. Nimesikia SuperTux, Cave Story na Spelunky. Mliocheza semeni ukweli.

mama_pedi
Kwa huyo mpwa, SuperTux, usihangaike. Ni Mario aliyevaa ngozi ya pengwini: Tux anakwenda kumkomboa Penny aliyetekwa na Nolok, unakanyaga maadui kichwani, ukiokota ua la moto unarusha mipira. Mtoto haelekezwi kitu.

Kasoro yake? Pengwini anateleza. Akishashika kasi hasimami pale unapotaka, na hapo ndipo utakaposikia kelele sebuleni. Halafu hatua zake zimetengenezwa na watu wengi wa kujitolea, nawe utaliona hilo: nyingine tamu, nyingine kama mtu aliamka na hasira akamwaga miiba. Ila ndani yake kuna sehemu ya kutengeneza hatua zako mwenyewe. Wangu siku hizi hawachezi tena, wanajenga, halafu naitwa mimi kujaribu. Nimekufa kwenye hatua ya mtoto wa darasa la pili mara kumi na moja.

Fundi Sevu
Mchana sawa, usiku Cave Story. Hili lilitengenezwa na Mjapani mmoja, Daisuke Amaya, anayejiita Pixel. Programu, michoro, muziki, hadithi, vyote peke yake, kwa muda wake wa ziada, miaka mitano. Alilitoa bure mwaka 2004. Ni dogo mno, bando lako halitashtuka, na laptopu yako italiendesha ikiwa usingizini.

Uzuri wake uko kwenye bunduki. Ukiua adui anaacha vipembetatu, ukiviokota bunduki inapanda daraja hadi la 3. Ukipigwa, inashuka. Maana yake pale unapozidiwa ndipo silaha nayo inapopungua nguvu, kwa hiyo unajifunza kukwepa kabla ya kujifunza kupiga. Kuruka nako kuna uzito mzuri, unaweza kumgeuza mtu wako akiwa hewani bila kupambana na kibodi.

Ushauri mmoja: bunduki ya kwanza, Polar Star, unaichukua kwa mzee aliyelala pangoni. Usikubali kubadilishana na mtu yeyote, hata ukiahidiwa ya kumimina risasi. Irudishe kwa mwenyewe mwishoni uone. Kuna jambo jingine kule kwenye labirinti, linahusu huruma, lakini hilo silisemi. Kugundua mwenyewe ndio uhondo.

Kwa mpwa halifai. Maandishi ni mengi, tena ya Kiingereza, na hadithi ina misiba.

Jongoo wa Pangoni
Mnamchosha mkuu na hadithi. Spelunky ya 2008, ile ya bure ya Derek Yu, ndiyo gemu la mtu mwenye nusu saa kabla ya kulala. Mapango yanapangwa upya kila ukianza, huwezi kukariri. Una mioyo minne, mabomu manne, kamba nne, basi. Ukifa, unarudi mwanzo kabisa.

Utamu ni kwamba kila kitu kinagusana na kingine. Juzi nilirusha jiwe nimpige popo, likamkosa, likampata mwenye duka. Huyo mzee ni mpole mpaka umguse. Alichomoa bunduki, nikakimbia kwa kamba ya mwisho, nikajisifu. Ngazi iliyofuata nikakuta mwenzake ananisubiri mlangoni pa kutokea.

mama_pedi
Kwa hiyo unamshauri mtu apumzike kwa kufukuzwa na muuza duka.

Jongoo wa Pangoni
Ndiyo, dada. Kifo cha Spelunky huwa ni kosa lako, na unalijua.

Kipepeo 128
Naona hakuna aliyeitaja Celeste ya kwanza kabisa, ya 2015. Watu wawili waliitengeneza kwa siku nne kwenye PICO-8, yaani programu inayojifanya mashine ndogo ya gemu ya kizamani: skrini ya vidoti 128 kwa 128, rangi 16. Vyumba 30, kila kimoja mita 100 za mlima. Unaruka na kuchupa mara moja hewani. Ukishachupa nywele zinageuka kutoka nyekundu kuwa buluu, hivyo huhitaji kuuliza kama bado una nguvu. Unaicheza kwenye kivinjari, hupakui kitu. Ni fupi, ila vyumba vya mwisho vitakutoa jasho.

Mkaguzi wa Bure
Angalieni jambo moja. Cave Story, Spelunky, Celeste: yote yana ndugu yake anayeuzwa. SuperTux peke yake halina, na msimbo wake uko wazi, ukitaka unaubadilisha. Mimi hiyo ndiyo naiita bure. Hayo mengine ni kionjo cha sokoni.

Fundi Sevu
Hapana, kaka. Kionjo ni kipande cha chungwa. Cave Story ya 2004 ni gemu zima hadi mwisho wake wa siri, na toleo la kuuzwa kwa kompyuta lilikuja miaka mingi baadaye. Mtu akikupa chungwa zima, kesho akifungua genge, la jana halijawa kionjo.

Kaseti ya Njano
Narudi na ripoti. SuperTux imeteka nyumba: mpwa ananiita nimpitishe penye ugumu, halafu ananinyang'anya laptopu. Spelunky nimekufa mara sita ndani ya robo saa, sijafika popote, Jongoo tutaonana. Cave Story ndiyo imeniweka macho hadi saa nane usiku. Bunduki ninayo, yule binti wa kwenye mchanga nilimkatalia. Nimefika labirinti, nikakuta profesa ameanguka shimoni, nikamshukia. Maskini, kanipa kifaa cha kurukia kabla hajakata roho. Kinasaidia sana.

Fundi Sevu
Booster 0.8?

Kaseti ya Njano
Hicho hicho. Kwani vipi?

Fundi Sevu
Lile la huruma ndilo hilo: ukimshukia, mwisho wa siri unakupita, na gemu lile lina nafasi moja tu ya kusevu. Niambie hujasevu.

Kaseti ya Njano
Nimesevu mara mbili, kuhakikisha.

Jongoo wa Pangoni
Mkuu, kwetu mapangoni milango iko wazi.